Jinsi ya kupima uzito wa ndege na kutafuta kitovu chake: hatua kwa hatua kwa fundi

Rubani anapopiga hesabu ya mzigo kabla ya kuruka, haanzi na sifuri. Anaanza na namba mbili ulizoziandika wewe fundi: uzito tupu wa ndege, na mahali kilipo kitovu cha uzito huo. Abiria, mizigo na mafuta hujumlishwa juu ya namba hizo. Akiwa kwenye kiti chake hana njia ya kuzikagua. Anaziamini kwa sababu zina sahihi yako. Ukizikosea leo, ndege itaruka na kosa hilo kila safari hadi siku itakapopimwa tena.

Tuelewane kwanza kuhusu mkono na momenti

Aliyewahi kubeba mzegazega, ndoo mbili kwenye ncha za mti mmoja begani, anaijua tayari fizikia ya kazi hii. Ndoo ya mbele ikiwa nzito, unasogeza bega mbele kidogo mpaka mti utulie. Pale bega lilipotulia ndipo kilipo kitovu cha uzito.

Kwenye ndege tunahesabu badala ya kubahatisha kwa bega. Umbali kutoka mstari wa rejea hadi kilipo kitu huitwa mkono. Uzito wa kitu ukiuzidisha kwa mkono wake unapata momenti. Jumla ya momenti zote ukiigawa kwa jumla ya uzito unapata mahali pa kitovu. Mstari wa rejea, yaani datumu, huchaguliwa na mtengenezaji. Kwenye ndege ndogo nyingi ni ukuta wa moto ulio nyuma ya injini. Kwingine ni ncha ya pua, au hata mahali hewani mbele ya pua. Kilicho nyuma ya mstari kina mkono chanya, kilicho mbele yake kina mkono hasi.

Kitovu kikienda mbele kupita mpaka, pua inakuwa nzito: rubani anahangaika kuinyanyua wakati wa kuruka na kutua, na mwendo ambao bawa linaacha kubeba ndege unapanda. Kikirudi nyuma kupita mpaka, hatari ni kubwa zaidi. Ndege inakosa utulivu, na bawa likishaacha kubeba, pua inaweza kukataa kushuka. Tarehe 8 Januari 2003, Beechcraft 1900D ilianguka mara tu baada ya kuruka Charlotte, Marekani, na watu wote 21 wakafa. Mambo mawili yalikutana: kebo za eleveta, lile bapa la mkiani linalopandisha na kushusha pua, zilikuwa zimerekebishwa vibaya kwenye matengenezo ya siku chache kabla, na kitovu cha uzito kilikuwa nyuma ya mpaka. Makaratasi yalionyesha kwamba mzigo uko sawa, kwa kuwa uzito wa abiria ulikadiriwa kwa wastani uliokuwa chini ya uhalisia. Kila fundi anayeshika spana aijue ajali hiyo.

Hatua ya 1: Soma kabla ya kugusa

Fungua hati ya takwimu za cheti cha aina ya ndege, kitabu cha matengenezo, na rekodi ya mwisho ya uzito. Andika datumu iko wapi, ndege inasawazishwa kwa kutumia nini, mafuta yasiyotumika (yale yanayobaki tangini ambayo injini haiwezi kuyavuta) ni kiasi gani, na mipaka ya kitovu mbele na nyuma. Kagua pia kipimo kilichotumika, kilo au pauni, mita au inchi, na usichanganye. Mwaka 1983 Boeing 767 iliishiwa mafuta angani Kanada kwa sababu lita ziligeuzwa kwa 1.77, ambayo ni pauni kwa lita, mahali palipohitaji takriban 0.8, yaani kilo kwa lita. Ilitua Gimli bila injini na watu wote wakanusurika.

Hatua ya 2: Andaa ndege

Ioshe, iache ikauke. Tope na maji ni uzito. Kisha chukua orodha ya vifaa na utembee nayo ndani ya ndege, mstari kwa mstari: kila kilichoandikwa kiwepo mahali pake, na kisichoandikwa kitoke. Usiifanye kazi hii ukiwa umekaa mezani. Siku moja tulipata kitovu kilichorudi nyuma kuliko rekodi ya zamani, na hakukuwa na badiliko lolote la kulieleza hilo. Tulipofungua mfuniko wa sehemu ya mkia tulikuta kisanduku cha spana kilichosahauliwa na zamu iliyotangulia. Fikiria kingeachwa pale, karibu na kebo za mkia. Mizani ndiyo iliyotuambia.

Mafuta yamwage hadi yabaki yale yasiyotumika tu, ndege ikiwa kwenye mkao ambao kitabu kinaelekeza. Unaweza pia kupima matangi yakiwa yamejaa kabisa na kutoa uzito wa mafuta baadaye, lakini mimi siipendi njia hiyo. Petroli ya ndege huhesabiwa takriban kilo 0.72 kwa lita, na hubadilika kwa joto. Kwenye lita 200, tofauti ya 0.02 tu ni kilo 4 nzima. Oili ya injini fuata kitabu: ndege nyingi hupimwa ikiwa imejaa, baadhi ya zile za zamani ikiwa imemwagwa.

Hatua ya 3: Funga milango ya hanga

Bawa halijui kwamba uko kazini. Upepo mdogo ukipita juu yake linaanza kubeba, na namba za mizani zinacheza. Funga milango, zima feni.

Hatua ya 4: Panda mizani na usawazishe

Mizani iwe na cheti cha urekebishaji ambacho hakijaisha muda. Ya elektroniki iwashe mapema ipate joto, kisha iweke sifuri. Ndege ikishapanda, weka kabari kwenye magurudumu na uachie breki. Breki zikikamata, magurudumu yanasukuma mizani kwa pembeni na usomaji unapotoka. Itikise bawa kidogo kwa mkono ili kila kitu kikae.

Sawazisha kwa pimamaji pale mtengenezaji alipoonyesha. Ndege ndogo nyingi husawazishwa kwa kupunguza upepo wa tairi la mbele. Sasa shusha timazi kutoka kwenye datumu na kutoka katikati ya kila ekseli. Subiri ncha ya timazi iache kuyumba, weka alama ya chaki sakafuni, kisha pima umbali kati ya alama. Mikono ya magurudumu ipime wewe mwenyewe, usiinakili tu kutoka rekodi ya zamani, maana hubadilika miguu ya ndege inapojikunja au kunyooka.

Hatua ya 5: Soma na upige hesabu

Tuchukue ndege ndogo ya injini moja, datumu kwenye ukuta wa moto. Mizani zinasoma kushoto kilo 295, kulia 291, mbele 160. Kabari za magurudumu makuu zina kilo 3 kila upande, za mbele kilo 2. Uzitoe: 292, 288 na 158. Jumla kilo 738. Mkono wa magurudumu makuu ni mita 1.45, wa gurudumu la mbele ni hasi 0.20, kwa sababu liko mbele ya datumu.

Kushoto: 292 × 1.45 = 423.4
Kulia: 288 × 1.45 = 417.6
Mbele: 158 × −0.20 = −31.6
Jumla ya momenti: 809.4

809.4 ÷ 738 = 1.097. Kitovu kiko mita 1.097 nyuma ya datumu.

Sasa sahau ile alama ya kutoa kwenye gurudumu la mbele, uone. Momenti inakuwa 872.6 na kitovu kinaruka hadi 1.182, sentimita 8 na nusu nyuma ya ukweli. Ndege haijasogea hata kidogo. Ni kistari kimoja tu. Kwa hiyo ishushe ndege, ipandishe tena, rudia usomaji, na mpe mwenzako apige hesabu bila kuona yako.

Ndege kubwa huonyesha kitovu kwa asilimia ya upana wa wastani wa bawa, yaani kutoka ukingo wake wa mbele hadi wa nyuma. Toa umbali wa ukingo wa mbele wa upana huo kwenye kitovu, gawa kwa upana, zidisha kwa 100.

Hatua ya 6: Kifaa kikibadilishwa

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Kwenye ndege ileile tunatoa redio ya zamani ya kilo 4.2 iliyo kwenye mkono wa 0.40, tunaweka mpya ya kilo 1.8 palepale, na tunafunga kitoa ishara za dharura cha kilo 1.5 mkiani, mkono wa 3.20.

Uzito: 738 − 4.2 + 1.8 + 1.5 = 737.1
Momenti: 809.4 − 1.68 + 0.72 + 4.80 = 813.24
Kitovu: 813.24 ÷ 737.1 = 1.103

Ndege imekuwa nyepesi kwa karibu kilo moja, na kitovu kimerudi nyuma takriban milimita 7. Atakayeandika “uzito umepungua, hakuna tatizo” ameangalia nusu ya kazi. Mabadiliko ya namna hii yakirudiwa mara tano, sita bila kuandikwa, ndege iliyokuwa karibu na mpaka wa nyuma inauvuka na hakuna anayejua. Baada ya kila badiliko piga pia hesabu ya mzigo mbaya kabisa: jaza vyote vinavyovuta nyuma, punguza vinavyovuta mbele, uone kama kitovu kinabaki ndani. Kisha fanya kinyume chake.

Hesabu haichukui nafasi ya mizani milele. Marekani, kwa mfano, sehemu ya 135 ya kanuni za anga inataka ndege yenye injini zaidi ya moja iwe imepimwa kweli ndani ya miezi 36 iliyopita. Tazama mamlaka yako inasemaje.

Hatua ya 7: Andika

Jaza fomu mpya: tarehe, namba ya usajili, namba za mizani, usomaji wote, uzito tupu, mkono, momenti, na orodha ya vifaa iliyorekebishwa. Linganisha na rekodi iliyopita; tofauti usiyoweza kuieleza itafute kabla ya kutia sahihi. Fomu ya zamani usiichane. Iandike “imebatilishwa” kwa herufi kubwa pamoja na tarehe, ibaki kwenye jalada, na ile mpya uiweke kwenye kitabu cha ndege ambacho rubani anakifungua, kabla ndege haijatoka hangani.