Lita kwenda kilo: jua uzito wa maji yako kabla hujapandisha tanki

Shangazi yangu wa Ngamiani hapa Tanga alitaka kupandisha simtanki la lita 2000 juu ya choo cha uani, akanipigia kuniuliza likijaa lina kilo ngapi, nikamwambia 2000 na ushee, yaani tani mbili, akanyamaza kidogo halafu akasema mbona vijana wawili tu ndo wamelishusha kwenye guta. Hapo ndo watu wengi tunapokosea jamani, tanki tupu jepesi, mzigo wenyewe ni maji.

Kanuni ni moja: lita 1 ya maji ni kilo 1, mililita 1 ni gramu 1. Na hailingani hivyo kwa bahati, Wafaransa walipokuwa wanapanga vipimo vya metriki miaka ya 1790 kilo waliitoa kwenye maji yenyewe, maji ya kujaa kijiboksi cha sentimita 10 kila upande. Kwahiyo lita kwenda kilo au kilo kurudi lita, namba ni ileile. Uniti moja ya kwenye bili ya maji ni lita 1000, madumu 50 ya lita 20, tani nzima hiyo.

Chombo kama hakijaandikwa lita chukua futi ya fundi, pima kwa ndani kwa sentimita, urefu mara upana mara kina cha maji, kisha gawa kwa 1000. Mfano karo la uani la sentimita 120 kwa 80 na maji yamefika kina cha 50, unapata 480,000, gawa kwa 1000 ni lita 480, basi ni kilo 480. Pipa la duara pima kipenyo cha ndani, kigawe nusu, hiyo nusu izidishe yenyewe kwa yenyewe, zidisha na 3.14, zidisha na kimo, gawa kwa 1000. Pipa la kipenyo 57 na kimo 85 linakuja kama lita 217, na kilo 217 mtu mmoja haliinamishi akabaki salama, bora uchote na ndoo.

Chombo chenyewe nacho kihesabu. Dumu la lita 20 tupu lina kama kilo moja hivi, na tukilijaza mpaka shingoni maji yanazidi 20, ndo maana dumu la kichwani linakuelemea kuliko ulivyotegemea.

Kitu ninachokipenda zaidi kwenye kanuni hii ni kukagua mizani. Nilinunua mizani ya ndoano ya kupimia samaki ninaowatoa Deep Sea, soko la samaki la hapa Tanga, kila siku nahisi inanipunja, basi nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaining'iniza tupu kwenye mfuko, nikasoma, nikaijaza lita 1.5 kamili, nikaining'iniza tena kwenye mfuko uleule, mshale ulitetemeka ukasimama, nikatoa ile hesabu ya mwanzo nikakuta kilo moja na robo tu. Ilitakiwa kilo moja na nusu! Robo nzima imepotea, nikaacha kuitumia. Fanya hivyo na ya kwako, haikugharimu kitu.

Joto linabadilisha kidogo, maji ya nyuzi 30 lita 1000 ni kama kilo 996, kwa kazi za nyumbani achana nalo. Ila usiipeleke kanuni hii kwenye vitu vingine. Maji ya bahari dumu la lita 20 ni kama kilo 20 na nusu kwa ajili ya chumvi. Mafuta ya nazi ni mepesi, lita 20 ni kama kilo 18 na nusu. Asali ndo nzito kweli, lita 5 ni karibu kilo 7, kwahiyo ukiagiza asali ya Handeni uliza kwanza bei ni ya lita au ya kilo, tofauti ni kubwa mno.

Shangazi mwishowe lile la 2000 kaliweka chini juu ya zege, huko juu ya choo kapandisha dogo la lita 300, na fundi kaongeza nguzo mbili kwanza.