Jinsi ya kutoa gundi ya lebo inayonatanata kwenye chupa, ndoo na vyombo vingine

Huku kwetu Tabora asali mpya ikianza kushuka kutoka Sikonge na Urambo chupa zinakuwa dili, sisi wa rejareja tunanunua zilizotumika, za jamu, za siagi ya karanga, tunasafisha ndo tunajazia. Sasa kazi sio kuosha ndani, kazi ni ile gundi inayobaki nje ukishabandua lebo, inashika vumbi inakuwa nyeusi, mteja akiishika vidole vinanata na hapo hata asali iwe nzuri vipi anaona ni uchafu.

Wengi wanakimbilia stilwaya au kisu. Usianze na hivyo jamani, chupa ya plastiki inajaa mikwaruzo na gundi yenyewe inasambaa tu. Kwanza jua ni gundi gani, weka tone la maji usugue na kidole, ikiteleza kama uji basi hiyo ni ya maji, kama zile lebo za karatasi za chupa nyingi za bia, loweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni nusu saa inaachia yenyewe. Ikijiviringisha vipira vipira au ikabaki inanata vilevile hiyo ni gundi ya stika, hiyo hata uiloweke siku tatu unapoteza muda, inataka mafuta.

Mimi nafanya hivi. Naanika chupa juani saa sita mchana, jua la Oktoba huku linatosha kabisa, gundi inalainika halafu nabandua kuanzia kwenye kona taratibu, ukivuta kwa pupa karatasi inachanika na gundi yote inabaki. Kama lebo ina ule ung'aavu juu ikwaruze kwanza ili mafuta yapenye. Napaka mafuta ya kupikia, alizeti inatosha, naacha nusu saa mpaka lisaa, na hapo ndo watu wanakosea, wanapaka na kusugua hapohapo wakati mafuta hayajaingia. Baada ya hapo nakwangua na kadi ya zamani ya benki au hata ukucha, inatoka kama nta laini. Ikibaki utando nachanganya baking soda na mafuta kidogo iwe kama dawa ya meno nasugua na kitambaa, naosha na maji ya moto kiasi na sabuni mara mbili maana ile mafuta nayo lazima iishe yote la sivyo lebo yako mpya haitashika.

Ndugu zetu wa Kigoma wana mawese na yanafanya kazi vizuri tu, ila ile rangi, kwenye plastiki nyeupe au kitambaa inabaki njano, yatumie kwenye chupa za kioo.

Mafuta ya taa yanatoa gundi haraka kuliko yote, nakubali, lakini kwenye chombo cha chakula hapana. Dumu la plastiki linanyonya harufu na asali nayo inadaka harufu upesi sana, utaosha wiki nzima bado inanuka taa. Petroli usiiguse kabisa, mvuke wake unafuata moto wa jiko hata kama liko mbali.

Spiriti ni nzuri kumalizia kwenye kioo. Dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni ni ya kioo na chuma kisichopakwa rangi, kwenye plastiki inaweza kuichubua au kuitia ukungu hautoki tena, na kwenye kioo cha tivii au simu usiweke kabisa. Friji na ndoo tumia mafuta tu. Mbao isiyopigwa vanishi mafuta yanaacha doa, hiyo ipashe joto na draya ya nywele ubandue. Nguo iweke kwenye friza gundi igande, halafu uimenye.

Maji ya moto pia angalia, chupa za maji ya kunywa ukizimwagia yanayochemka zinajikunja, na chupa ya kioo iliyo baridi inapasuka. Mkono ukivumilia basi na chupa itavumilia.

Kwa wanaorina wenyewe, ile gundi ya nyuki (propolisi, ule utomvu wanaozibia nyufa za mzinga) kwenye kisu na ndoo haisikii maji wala sabuni, igandishe kwenye friza inakuwa kavu inavunjika vipande, mabaki yafute na spiriti. Nta inayeyuka kwa maji ya moto ila usiyamwage kwenye sinki, ikipoa inaziba bomba.

Ukimaliza geuza chupa kichwa chini juani mpaka ndani kukauke kabisa kabisa, unyevu ukibaki na ukajazia asali inaanza kuchacha, utaona povu juu na kifuniko kinavimba.