Jumamosi ya watu, Jumatatu yako: kupanga kazi ya upigaji picha Moshi na Arusha ukiwa na familia

Kabla hujapokea advansi ya harusi yoyote, kaa na mwenzako wa nyumbani mkiwa na kalenda ya mwaka mzima. Kazi hii haigawanyiki sawa kwa miezi. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, na ndani ya wiki tatu zinabanana harusi, ubatizo, kipaimara na vikao vya ukoo ambavyo navyo siku hizi vinataka picha ya pamoja. Agosti hadi Oktoba kuna mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne. Kisha inaingia Kwaresima, ambapo Wakatoliki na Walutheri wengi hawafungi ndoa, na masika nayo yanaanza Machi. Simu inakuwa kimya hadi karibu Mei.

Tatizo ni kwamba Juni na Desemba, miezi ya kazi nyingi, ndiyo likizo za watoto. Ukisubiri kuona nafasi itakayobaki, haitabaki. Ifikapo Januari zungushieni kabisa duara siku za nyumbani, kabla kamati ya kwanza ya harusi haijapiga simu: Jumamosi moja ya Juni, siku mbili za Desemba, na kila Jumatatu ya mwaka. Ukiulizwa kuhusu siku hizo, jibu ni "nina kazi". Huna haja ya kueleza ni kazi ya nani.

Sasa hesabu saa zako kwa ukweli, maana wengi wanahesabu siku ya harusi tu. Harusi moja, kuanzia saluni hadi ukumbini, ni kama saa 14 na fremu 2,000. Kuchambua fremu 2,000 kwa sekunde tatu kila moja ni zaidi ya saa moja na nusu. Ukibakiza 500 na kuzihariri kwa dakika mbili kila moja, hizo ni saa 16 na dakika 40. Albamu inakula saa sita nyingine ukiwa mwepesi. Kwa hiyo Jumamosi moja inazaa karibu saa 24 za kukaa mezani. Ukichukua send-off Ijumaa na harusi ya watu wengine Jumamosi, wiki inayofuata watoto watakuona mgongo tu. Ahidi kukabidhi kwa wiki tatu kwa kawaida, na wiki sita kwa kazi za Desemba. Ahadi ya "wiki ijayo" ndiyo inayoleta kelele mlangoni.

Kinachotuliza watu ni picha 20 au 30 za haraka ndani ya siku mbili. Zitume WhatsApp kama faili la nyaraka, si kama picha ya kawaida. Ukizituma kama picha zinabanwa, shangazi anaenda kuzichapisha kwenye karatasi kubwa, zinatoka na ukungu, na lawama inakuwa yako.

Makubaliano na malipo

Karatasi moja inatosha. Andika nani analipa (kamati au maharusi wenyewe), saa ya kuanza na ya kumaliza, malipo ya kila saa inayozidi, usafiri kama shughuli iko Rombo au Karatu, idadi ya picha, na muda utakaozihifadhi. Fedha zigawe hivi: asilimia 50 kushika tarehe, asilimia 40 ifikapo Jumatano ya wiki ya harusi, asilimia 10 siku ya kukabidhi albamu. Usikubali nusu kwa nusu ambayo nusu ya pili inalipwa baadaye. Kamati ikishavunjwa, mhazini anarudi kuwa jirani tu, na deni halina mwenyewe.

Usafiri wa kurudi usiku uwe ndani ya bei. Bodaboda saa saba usiku, begi la kamera mgongoni, ni jambo ambalo mwenzako hatalala akilifikiria, na ana haki. Tafuta dereva mmoja mnayemjua nyumbani, namba yake iwe kwenye simu zote mbili.

Kanisani

Nenda siku ya mazoezi umuulize padri au mchungaji mambo matatu: unaruhusiwa kusimama wapi, flashi inaruhusiwa lini, na unaweza kupita mbele ya madhabahu au la. Makanisa hayafanani. Usimwache mpiga video ajibu kwa niaba yako.

Ndani, anzia tundu la lenzi f/2.8, kasi ya shata 1/160, na usikivu wa mwanga ISO 1600 hadi 3200. Hitilafu ya kawaida ni mita ya kamera kudanganywa na shela. Bibi harusi aliyevaa nyeupe pepepe akijaza fremu, kamera inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na uso wake unakuwa mweusi usiosomeka. Bwana harusi mwenye suti nyeusi anasababisha kinyume chake. Pima kwenye paji la uso, funga kipimo hicho kwa mkono, na piga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Kisha angalia kama nyuzi za shela bado zinaonekana. Zikipotea, shusha kidogo: uso unaweza kuuinua wakati wa kuhariri, lakini shela iliyoungua hairudi.

Picha za makundi nje ya kanisa ndizo zinazovuruga ratiba. Omba orodha ya makundi yasiyozidi 12. Kwa dakika tatu kila kundi, hizo ni dakika 36, na MC lazima azijue. Kila upande utoe ndugu mmoja mwenye sauti, anayewajua watu, wa kuwaita. Anza na wazee, maana ndio wanaochoka na ndio ambao picha yao haitarudiwa. Saa saba mchana jua la huku liko karibu utosini na macho yanakuwa mashimo meusi; sogeza watu kwenye kivuli cha ukuta au veranda. Kivuli cha migomba au mti mnene kinapendeza kwa macho lakini kinamwaga rangi ya kijani kwenye shela na kwenye mashavu. Ukilazimika kukitumia, weka ubao mweupe upande wa mbele urudishe mwanga safi.

Mlima

Kila mtu Moshi anataka Kibo nyuma yake, na karibu kila mtu anaitaka saa nane mchana, wakati wingu limeshafunika. Kilimanjaro mara nyingi huwa wazi alfajiri hadi kama saa tatu asubuhi, na huenda ikafunuka tena kuanzia saa 11 jioni. Saluni haimwachii bibi harusi mapema hivyo. Kwa hiyo picha ya mlima ifanye siku nyingine, saa 12 na nusu hadi saa mbili asubuhi, nguo ikiwa bado safi au ikiwa haina shida tena kuchafuka.

Usitumie lenzi pana, inaufanya mlima uwe kichuguu. Chukua 135 mm au 200 mm, warudi nyuma maharusi mita 15 hadi 25 kutoka kwako, f/8 ili theluji isomeke. Ukiwa Moshi mjini mlima uko kaskazini. Desemba jua la mchana liko kusini, yaani nyuma yako, linaumulika. Juni na Julai liko upande wa mlima na unakuwa hafifu, basi asubuhi ndiyo pekee. Mantiki ni ileile Arusha kwa Meru, ila Julai na Agosti huko mawingu mazito yanaweza kukaa siku nzima. Mwambie mteja mapema kwamba mlima haumo kwenye mkataba.

Ukumbini

Taa za LED na skrini kubwa zinaleta mistari ya giza inayokata picha. Umeme wetu ni 50 Hz, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kasi ya 1/100 au 1/50 huondoa mistari mingi. Ukipanda hadi 1/250 inarudi. Flashi usiielekeze usoni. Lakini usikimbilie kuipiga darini bila kuangalia, kwa sababu wapambaji wanafunika dari kwa vitambaa. Dari la zambarau linarudisha nyuso za zambarau. Hapo geuza flashi kwenye ukuta mweupe, au ivike kofia nyeupe ya kulainisha mwanga na usogee karibu.

Ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, ina dakika zake. Anaingia akiwa amebebwa, majani mdomoni, watu wanacheza, na mafuta yanang'aa ngozini kote. Flashi ya mbele inageuza mng'ao huo kuwa madoa meupe. Piga kutoka ubavuni, flashi ikiwa imeelekezwa pembeni, na uwahi kabla ya kisu: fremu moja ya mnyama mzima, moja ya mikono ya maharusi juu ya kisu, moja ya nani analishwa kwanza. Hiyo ya tatu ndiyo watakayoiulizia, kwa sababu mpangilio wa kulishana una maana kwenye ukoo.

Wakati wa zawadi usikae. Foleni ya upande wa mama, majirani, wafanyakazi wenzake, kikundi cha kina mama wa jumuiya. Kila kundi lilichanga na litatafuta picha yake. Kula kabla, zamu za chakula zikianza, siyo baada.

Misiba

Simu ya msiba inakuja bila taarifa, na mara nyingi siku za wiki. Amueni nyumbani mapema kama mnazipokea. Ukienda, lenzi ndefu, hakuna flashi kaburini, na usimwombe mtu arudie kuweka shada. Kwenye kihamba, shamba la ukoo kuzunguka nyumba, nafasi ni ndogo. Simama upande wa juu wa mteremko. Bei isemwe mara moja na mtu mmoja asiye mfiwa wa karibu.

Studio ndogo

Paspoti saizi ndiyo inayolipa ada ya shule miezi ya Kwaresima. Muulize mteja picha inaenda ofisi gani kabla ya kuchagua kitambaa cha nyuma. Mtu akae mita moja mbele ya kitambaa, la sivyo rangi ya bluu inampanda mashavuni na kwenye kola. Viza ya Marekani inataka picha ya mraba ya sentimita 5 kwa 5 (milimita 51), nyuma nyeupe, bila miwani, kichwa kikichukua kati ya asilimia 50 na 69 ya urefu. Bahati nasibu ya viza hiyo, ilipokuwa ikiendeshwa kila mwaka, ilitaka faili la pikseli 600 kwa 600 lisilozidi kilobaiti 240, na picha isiyo na zaidi ya miezi sita. Picha ya viza ya Schengen, ya nchi nyingi za Ulaya, ni milimita 35 kwa 45. Bandika vipimo hivi ukutani ili hata aliyebaki dukani aweze kufanya.

Usiku ukirudi

Kabla ya kulala, hamisha kadi. Gigabaiti 64 kwa kisoma kadi kizuri ni kama robo saa, kwa kile cha bei rahisi zaidi ya nusu saa. Nakala mbili kwenye diski mbili, moja isikae nyumba moja na nyingine. Kwa shemeji panatosha. Kadi isifutwe hadi nakala zote mbili zifunguliwe na kuonekana, na uifutie ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, anza upya faili zote. Usiamini iliyoonekana kufika.

Vifaa viwekwe kwenye sanduku lenye kufuli, pamoja na vifuko vya silika. Masika lenzi iliyokaa kabatini bila hewa inaota kuvu ndani, na kuiondoa ni kufungua lenzi nzima. Kiangazi adui ni vumbi: badilisha lenzi ndani ya gari, madirisha yakiwa yamefungwa, mdomo wa kamera ukitazama chini. Betri ndogo za duara za rimoti ziwe mbali kabisa na watoto. Zikimezwa zinachoma koo ndani ya saa chache, na hapo ni hospitali mara moja.

Ukitaka kuweka picha za wateja mtandaoni, hasa za watoto wa kipaimara, pata ruhusa ya maandishi ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa picha zinazomtambulisha mtu. Kipengele kimoja kwenye ile karatasi ya makubaliano kinamaliza: ndiyo, hapana, au ndiyo bila watoto.

Na picha za familia yako zipewe tarehe kwenye kalenda kama za mteja, pamoja na siku ya kukabidhi. Lipa mpiga picha mwingine azipige, ili na wewe uwemo. Mnaweza kubadilishana na mwenzako wa kazi: yeye kwenu Februari, wewe kwao Machi, kila mtu akileta kadi yake.