SOMO: Namna ya kuutafuta mlio usioeleweka wa usiku ndani ya nyumba

Nimelijibu swali hili kwa mtu mmoja mmoja hadi nimechoka, hivyo naliandika lote hapa, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili.

Hatua ya 1. Kwa siku tatu andika mlio umeanza saa ngapi, umedumu muda gani na umerudi baada ya dakika ngapi. Unaorudi kwa vipindi vilivyo sawa aghalabu ni wa mashine.

Hatua ya 2. Zima feni na redio, kisha usikilize chumba kwa chumba.

Hatua ya 3. Zima umeme kwa breka (swichi za kwenye sanduku la umeme, kila moja na sehemu yake ya nyumba) moja moja. Hapa ndipo nilipoharibu. Kwangu palikuwa na ngurumo fupi kila baada ya dakika 12 hivi. Nikazima swichi kuu, ngurumo ikakoma, nami nikaamua kuwa ni friji, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea kunguruma. Fundi akabadilisha kompresa, nikalipa, na usiku uleule saa nane ngurumo ikarudi. Kumbe ilikuwa pampu ya presha iliyo nyuma ya jiko, ambayo nayo ilizimika nilipokata umeme wote. Pampu yenyewe ilikuwa nzima: mpira ndani ya tangi la choo ulikuwa umechakaa, maji yakapenya kimyakimya hadi kwenye sinki la choo, presha ikashuka, na pampu ikajiwasha. Basi zima breka moja, subiri vipindi viwili vizima vya mlio, iwashe, ndipo uende kwenye nyingine. Usifungue kifuniko cha sanduku la breka, wala usiguse pampu ukiwa na mikono iliyolowa.

Hatua ya 4. Mlio ukiendelea hata baada ya kujaribu kila breka, funga koki kuu. Ukinyamaza, chunguza mabomba na boya la tangi.

Hatua ya 5. Usiponyamaza, tazama juu. Bati lililotanuka kwa jua husinyaa na kulia jioni kunapopoa. Popo hutoka jua likizama na kurudi kabla ya mapambazuko. Panya hukwaruza usiku kucha.

Swali: Kwangu kuna sauti usiku. Tatizo ni nini?
Jibu: Saa ngapi, na baada ya muda gani? Soma hatua ya 1.

Swali: Nilizima umeme wote kama ulivyosema, na bado sijui ni nini.
Jibu: Sikusema hivyo, kaka. Nimeandika aya nzima kukataza jambo hilo.

Swali: Samahani, nina vyoo viwili. Nitajuaje kinachovuja kabla ya kumwita fundi bomba?
Jibu: Umeuliza vizuri, dada. Tia matone ya rangi ya chakula katika kila tangi, usivute maji kwa nusu saa, kisha utazame sinki. Rangi ikionekana, mpira umekwisha. Vyote vikiwa safi, funga koki inayotoka kwenye pampu kuingia ndani. Pampu ikitulia, mvujo uko kwenye bomba au koki za nyumba; ikiendelea kujiwasha, kagua pampu yenyewe na valvu inayozuia maji kurudi kisimani au tangini.

Swali: Na sumu gani inafaa kwa panya wa darini?
Jibu: Darini sitii sumu, kwa sababu panya hufia mahali usipofika na harufu hukaa siku nyingi. Tega mtego, kisha uzibe tundu kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa.

Dada wa vyoo viwili: Ni choo cha wageni. Rangi imetokea kabla chai haijachemka.