Somo: Kusikiliza nyota kwa dishi la futi 6 hapa Kigoma

Mwaka 1959 wanafizikia Giuseppe Cocconi na Philip Morrison walipendekeza kwamba anayetafuta viumbe wenye akili angani aanzie kwenye megahezi 1420, masafa ya wimbi la redio litolewalo na gesi ya haidrojeni angani, kwa kuwa kila mjuzi wa redio popote alipo atakuwa anayafahamu. Mwaka 1960 mwanaastronomia Frank Drake alisikiliza nyota za Tau Ceti na Epsilon Eridani kule Green Bank, Marekani, asipate kitu. Nyota hizo mbili hupita karibu na utosi wetu hapa Kigoma, jambo ambalo wenzetu wa kaskazini hawalipati.

Hatua ya kwanza, ondoa LNB (kile kichwa cha kupokelea kilicho mbele ya dishi), kwani haipokei masafa haya. Mahali pake funga kopo la bati lenye kipenyo cha sentimita 15 hivi, lililo wazi upande unaotazama dishi. Ndani yake simamisha kijiti cha shaba cha sentimita 5, kisichogusa bati, umbali wa sentimita 9 hivi kutoka kitako.

Hatua ya pili, funga amplifaya (kikuza wimbi) papo hapo kwenye kopo, kwa sababu waya mrefu hudhoofisha wimbi kabla halijakuzwa, kisha uunganishe kipokezi cha kuchomeka kwenye kompyuta.

Hatua ya tatu, elekeza dishi juu na uliache, Dunia izunguke. Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota za galaksi yetu, inapopita, grafu kwenye kompyuta huonyesha kilima kidogo cha haidrojeni, na asiyekiona kilima hicho asiendelee mbele.

Hatua ya nne ndiyo kiini cha kazi yote, nayo ni kutilia shaka. Haidrojeni hutapakaa katika mamia ya kilohezi kwa sababu mawingu yake yana mwendo tofauti, lakini wimbi la kutengenezwa laweza kuwa jembamba la hezi chache tu. Ukiona mstari wa namna hiyo, geuza dishi pembeni. Mstari ukibaki palepale, chanzo chake ni hapa hapa duniani. Mwaka 2019 darubini ya redio ya Parkes, Australia, ilinasa wimbi lililoonekana kutoka Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na Jua, na uchambuzi wa mwaka 2021 ukabaini kuwa ni mwingiliano wa vifaa vya binadamu.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Ujiji: Shikamoo mwalimu. Minara ya simu haitatuharibia?

Jibu: Marahaba. Megahezi 1400 hadi 1427 zimehifadhiwa kimataifa kwa kupokea tu, ila mnara wa karibu waweza kuilemea amplifaya, hivyo weka chujio. Inveta ya sola na chaja husumbua zaidi, tumia betri.

Mwanachama wa Kasulu: Dishi hili laweza kweli kusikia ustaarabu wa mbali?

Jibu: Labda wimbi liwe na nguvu kubwa mno na lielekezwe kwetu. Darubini ya redio ya MeerKAT ya Afrika Kusini ina madishi 64, kila moja la mita 13.5, nayo bado inatafuta.

Mwanachama wa Gungu: Mstari ukitoweka nikigeuza dishi, ukarudi nikilirudisha, nifanye nini?

Jibu: Andika saa, masafa na uelekeo, kisha umwombe mwenzetu wa Tabora asikilize nyota hiyo hiyo. Kelele ya uani kwako haitafika Tabora.