Gesi na mbweu ukiwa na kolite: namna tunavyofanya nyumbani, Bukavu

Mwezi uliopita shemeji yangu aliacha kwenda kwenye mazoezi ya kwaya kwa sababu ya tumbo. Linanguruma hadi jirani wa benchi anageuka. Ana kolite ya vidonda, yaani uvimbe na vidonda ndani ya utumbo mpana, kama mimi ninayeishi nayo mwaka wa saba sasa. Nilipanda hadi mtaa wa Kadutu, tukaketi jikoni kwake, nikamwonyesha haya.

Hatua ya 1. Hakikisha ni kolite gani. Kwetu kila tumbo linalosumbua linaitwa kolite. Ile ya amiba inatibiwa na kwisha, lakini ya vidonda unaishi nayo na dawa zake. Ni muganga anayezitenganisha, kwa kupima choo na kuingiza kamera. Ukiona damu au homa, ukikonda, au tumbo likivimba na kukaza bila kutoa hata upepo, acha kusoma uende hospitali leo.

Hatua ya 2. Tenga gesi ya juu na gesi ya chini. Mbweu kwa sehemu kubwa ni hewa uliyoimeza mwenyewe. Ushuzi, tusione haya kuutaja, mwingi wake unatengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wanapochachua chakula ambacho utumbo mwembamba haukukiweza. Mimi niliacha maharagi miezi mitatu ili mbweu ziishe, na hazikuisha, kwani kosa lilikuwa kwenye chupa ya sukre (soda) niliyokunywa kila mchana. Chukua daftari, andika kwa wiki mbili: nimekula nini, saa ngapi, gesi imetokea wapi.

Hatua ya 3. Gesi ya juu: acha sukre na bia, acha mrija, acha kutafuna shingamu. Kula polepole, na hadithi zingoje sahani ziondolewe. Mbweu zikija na kiungulia, mwambie muganga.

Hatua ya 4. Maharagi. Hapa ndipo nilipopotezea makala (mkaa wa kupikia) na machozi.

Ndani ya maharagi kuna sukari ambazo tumbo la mwanadamu haliwezi kuzivunja, basi zinafika chini nzima nzima na bakteria wanafanya karamu. Sehemu ya sukari hizo inatoka ndani ya maji. Kwa hiyo loweka jioni, asubuhi mwaga maji yale, suuza, chemsha dakika kumi, mwaga tena, kisha weka maji mapya ya kupikia. Mama mkwe atasema unamwaga utamu. Mwache aseme.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Maharagi yanachelewa kuiva kuliko kule Uvira. Mimi nilikuwa nahesabu saa kama nilivyosoma mahali, nakula yaliyoiva nusu, halafu nalaumu ugonjwa. Usihesabu saa. Bonyeza punje kwa vidole viwili: ukiona kiini cheupe cha unga, rudisha jikoni. Na muulize muuzaji kama ni ya mavuno mapya, maana yaliyokaa sana ghalani yanabaki magumu hata uyachemshe siku nzima. Usiyaache usiku kucha kwenye makaa hafifu ukidhani yataiva yenyewe: maharagi mekundu yasiyochemka sawasawa yana sumu inayotapisha.

Mimi sipiki tena bila sufuria ya presha. Majirani wanaiogopa kama bomu, lakini inaokoa makala na inayaivisha hasa. Usiijaze kupita nusu, kwa sababu povu na maganda vinaziba tundu la mvuke. Anza na vijiko viwili vya kulia, si sahani, na ukae siku tatu kabla ya kuongeza. Ugonjwa ukiwa umeamka, weka maharagi kando kabisa, pamoja na shu (kabichi) na sombe (majani ya muhogo) yenye nyuzi. Kula wali, ndizi zilizoiva, sambaza (samaki wadogo wa ziwani) zilizochemshwa.

Hatua ya 5. Maziwa: jaribu siku nne bila maziwa yasiyoganda. Ukipata nafuu, rudi kwa mashanza (maziwa yaliyoganda) kidogo au jibini la Masisi, ambalo wengi wetu tunalivumilia.

Hatua ya 6. Ukimaliza kula tembea robo saa. Milima yetu inatosha. Usiku lala ubavu wa kushoto, vuta magoti.

Hatua ya 7. Dawa. Simetikoni, dawa ya gesi, inawasaidia wengine. Mimi sikuona kitu. Vidonge vya makala sivipendi, vinaweza kunyonya dawa zako nyingine kabla hazijafanya kazi. Ibuprofeni ya maumivu inaweza kuamsha kolite, uliza kwanza. Usipunguze mesalazini, dawa yako ya kolite, eti ndiyo inayoleta gesi, bila muganga kukubali. Na hili nalisema kwa sauti: usijisukumie maji ya majani wala pilipili kwa nyuma ili "kusafisha". Utumbo wako tayari una vidonda.

Shemeji amefika vijiko sita. Kwaya amerudi, sauti ya tatu, ila sufuria yangu bado iko kwake.