Unapeleka gari lako uwanja wa mbio? Anza na mafuta ya breki

Wadau mnaotaka kujaribu gari la kila siku kwenye uwanja wa mbio: kabla ya kuwaza rimu na ekzosi, mwambie fundi amwage mafuta yote ya breki aweke mapya ya daraja la DOT 4 (limeandikwa kwenye chupa), kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Dar mnaijua. Yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, yanaweza kuchemka kwenye 155 hivi. Kwenye foleni ya Mwenge hutaona tofauti. Uwanjani, ukishakanyaga breki kwa nguvu kona baada ya kona, yanachemka, yanatoa mapovu, na pedali inazama mpaka chini huku gari linakwenda tu.

Mengine ni madogo. Toa jeki, spea na makorokoro yote kwenye buti, kaza nati za tairi, pima upepo tairi zikiwa baridi na upime tena ukitoka, maana zikipata moto upepo hupanda. Bima soma mwenyewe. Nyingi hazilipi ajali ya mashindano.

Kanyaga breki gari likiwa limenyooka, kabla ya kona. Mzunguko wa mwisho nenda polepole breki zipoe, na ukipaki usivute hendibreki, breki za moto zikibanwa zinaweza kunasa. Acha kwenye gia, au P kama ni otomatiki, kisha weka jiwe kwenye tairi.